Shangazi, nina klipu elfu nne, sauti ya baba sina

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Ujiji. Hapa ninapokuandikia nimekaa kwenye gogo ufukweni Kibirizi, nasubiri akina mama wanaoanika dagaa wamalize kugombania kichanja ili niwashe kinasa sauti. Hapana, nadanganya. Nimeshakiwasha, nawarekodi wakigombana.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kama inafaa kuitwa kazi. Mchana nauza chaja na kava za simu kwenye kibanda Mwanga, hapahapa Kigoma. Alfajiri na jioni nazunguka kukusanya sauti: injini za maboti zikikataa kuwaka, mabishano ya bei ya migebuka, samaki wa ziwa letu, mzee anayeshona nyavu akiimba peke yake akidhani hakuna anayesikia. Nakata dakika moja, naipanga, naiweka mtandaoni. Wanaonifuata wengi ni watu wa Kigoma waliohama. Wako Dar, wako Oman, wako Kanada. Wananiandikia usiku wa manane, "Dada, umenirudisha nyumbani."

Sasa na mimi naondoka. Mume wangu yuko Bremen, Ujerumani, mwaka wa tatu huu. Nimekaa Dar nikasoma Kijerumani mpaka nikapata cheti cha A1, viza imetoka, tiketi ni ya mwezi ujao. Furaha ipo, sikatai. Mume wangu nampenda, na nimechoka kuwa mke wa simu. Lakini tangu viza itoke nimeingiwa na kitu kama wazimu. Narekodi kila kitu. Mlango wa chumba cha mama unavyolia. Adhana ya msikiti wetu, siku kumi mfululizo. Mvua juu ya bati la jikoni na mvua juu ya bati la choo, maana hazilii sawa. Juzi nimehesabu: klipu zaidi ya elfu nne, na hata moja sijaisikiliza mara ya pili. Kadi ya kumbukumbu imejaa, nimenunua nyingine, nayo inaelekea kujaa. Kibaya zaidi ni kwamba sijatengeneza kitu cha maana kwa miezi mitano. Narekodi tu, kama mtu anayetoa vyombo nje nyumba ikiwaka moto.

Mama amenikataza. Wiki iliyopita alikuwa anapika mawese uani, nikasogeza simu. Akaweka mwiko chini. "Unanipiga picha kama maiti," akasema. "Mimi sijafa, na wewe bado hujaondoka. Njoo ukoroge." Sikukoroga, Shangazi. Nilinuna nikaingia ndani. Nilichoambulia ni video ya mgongo wake.

Nitakwambia jambo ambalo hata mume wangu halijui.

Baba alikuwa fundi mitambo. Ujanani alifanya kazi kwenye Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, na hadithi zake zote zilikuwa za meli hiyo. Alipenda kusimulia kwamba Wajerumani walipoona vita vinawaelemea mwaka 1916 waliizamisha kwa mikono yao, lakini kwanza wakaipaka injini grisi nene, maana walitegemea kuirudia. Waingereza ndio walioiinua, mwaka 1924, na injini ilikuwa bado nzima. Akifika hapo alikuwa anasugua viganja polepole kama vile grisi anaipaka yeye.

Baadaye akapata kibarua Mpulungu, upande wa Zambia. Mwaka 2002 akatutumia kanda ya kaseti kwa mkono wa baharia. Ilikuwa kanda ya muziki wa Kongo. Baba aliziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa upya, akaongea juu ya muziki. Tuliisikiliza jioni moja, sote mkekani, kandili katikati. Nilikuwa na miaka minane. Harufu ya mafuta ya taa ninayo mpaka leo, maneno sina, na usingizi ulinichukua kabla kanda haijaisha.

Nilipofika miaka kumi nilikuwa na kichaa cha vipindi vya muziki redioni. Siku moja nyimbo nizitakazo zikaanza na kanda tupu sina. Unajua ninakoelekea. Nikachukua ile ya baba, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikarekodi bongo fleva na matangazo ya sabuni karibu nusu saa. Nilipoirudisha nyuma kusikiliza, kipindi changu kiliisha utepe ukiwa haujaisha. Zikapita sekunde chache, nikamsikia baba anakohoa, akasema, "Haya, geuzeni kanda." Kitufe kikaruka juu.

Niliificha kwenye kopo la biskuti. Baba alifariki hukohuko mwaka 2006. Baada ya arobaini mama akaitafuta ile kanda nyumba nzima, akauliza mmoja mmoja. Nikasema sijaiona. Redio kaseti yenyewe iliuzwa mwaka huohuo. Kanda bado ninayo, kwenye kopo lilelile.

Viganja vyake navikumbuka. Sauti siikumbuki hata kidogo. Nikijaribu kuiita, inakuja sauti ya mjomba.

Kwa hiyo nishauri. Niendelee kurekodi au niache? Na nikifika huko ambako hakuna anayejua mgebuka ni nini, nitaweza kutunga chochote, au nitakuwa mmoja wa wale wanaoandikia watu usiku?

Mimi wako,
Mwenye Masikio, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, nikaonekana mwehu mbele ya wajukuu.

Nianze na mwiko. Nenda kakoroge. Mimi ni mtu wa Tabora, kwetu ni asali na maembe, mawese nilifundishwa ukubwani na shoga yangu wa Mwandiga. Somo la kwanza aliniambia nisihangaike na rangi, nitege sikio. Mafuta yakiwa bado na maji ndani yake yanatatarika, yanarusha matone, yanagomba. Maji yakipungua kelele zinapungua. Yakinyamaza, epua. Sasa wewe unajiita Mwenye Masikio, mama yako anapika kitu kinachoiva kwa masikio, halafu unasimama nyuma yake na simu! Simu ingeikamata sauti, sibishi. Lakini ingejuaje kwamba dakika mbili kabla ya ukimya ule mkono wa mama ulikuwa umeshaanza kuvuta kuni nje? Hilo linakaa begani, na bega lako halijakorogeshwa.

Kuhusu kurekodi kila kitu, kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2014. Aliwatembeza watu katika jumba la makumbusho, vitu vingine akawaambia wavitazame tu, vingine wavipige picha. Kesho yake akawauliza. Vile walivyovipiga picha walivikumbuka kwa shida kuliko vile walivyovitazama kwa macho matupu. Akili ilikuwa kama imeikabidhi kamera mzigo, ikaenda zake. Lakini akarudia jaribio, safari hii kwa vitu vingine akawaambia wavute karibu kwa kamera sehemu moja tu ya kitu, na kwa vitu hivyo kumbukumbu haikuwapungua, hata kwa sehemu ambazo hazikuingia kwenye picha.

Wewe hilo unalijua bila kwenda makumbusho. Mvua ya bati la jikoni na mvua ya bati la choo: hapo ulivuta karibu. Nilipofika kwenye mstari huo nilicheka, kisha nikasikia bati la kwetu mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, ambalo liling'olewa zamani. Adhana ya siku kumi mfululizo haikunifanya chochote, Mungu anisamehe. Kwa hiyo kaa usiku mmoja na hizo klipu zako, utafute zilizo kama zile za mvua. Nakisia hazifiki hamsini. Hizo ndizo za kubeba. Nyingine weka nakala mbili, moja kwa ndugu yako unayemwamini, moja kwenye diski, na usizifikirie tena. Kufuta usifute; mimi si katili kiasi hicho.

Mimi niliondoka Tabora mwaka 1998 kwenda Leicester, Uingereza, nikakaa miaka tisa. Nilibeba albamu tatu za picha, nikizilalia kwenye ndege zisikunjike. Albamu hizo huko sikuzifungua. Kila nikitaka kuzifungua nasikia uzito, nazirudisha kabatini. Kilichonilisha kilikuwa kitu cha bahati mbaya. Shangazi yangu alinifungia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kwenye kurasa za daftari lake la madeni, daftari la kibanda cha chai. Matobolwa yaliisha wiki ya kwanza. Zile kurasa nilizikunjua nikaanza kuzisoma: "Mama wa kona, chapati 2, atalipa Ijumaa." "Fundi mrefu, chai, amesema anasafiri." "Yule wa baiskeli, maandazi 4, SIMPI TENA." Herufi kubwa hivyohivyo, na kalamu ilitoboa karatasi. Nilikaa na yule wa baiskeli majira mawili ya baridi. Alifanya nini? Kwa nini fundi mrefu alipewa chai na yeye akanyimwa maandazi? Hadithi ya kwanza niliyoandika maishani mwangu ilikuwa yake, nimeiandikia jikoni kwa watu nikiwa na glavu za kuoshea vyombo mfukoni. Miaka yote niliyokaa Tabora nikimwona akipita, sikuwahi kumwazia.

Lakini nisikudanganye. Hiyo ilikuja baada ya miaka miwili. Miaka miwili ya kwanza sikuandika hata mstari. Nilikuwa najifunza basi gani linakwenda wapi, nalala, naamka. Ziwa lenu lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane. Unajua mwenyewe jinsi watu walivyonung'unika, na wengine walikuwa na haki ya kunung'unika, sufuria haielewi mambo ya kuzaliana. Na wewe utafungwa kama ziwa. Usiingie hofu ukaanza kupakia zile klipu elfu nne moja moja ili wafuasi wasikukimbie. Utakuwa unauza akiba.

Halafu hao wanaokuandikia usiku. Unawaogopa, nimeona. Unadhani umbali ndio uliowakausha. Mimi nadhani baadhi yao hawatungi kwa sababu upo wewe unayewatungia. Mtu ana kiu ya kwao, anafungua simu, anapata dakika moja ya Kibirizi, kiu inatulia, analala. Kama kiu ile ingebaki hadi asubuhi huenda angefanya nayo kitu. Sikulaumu, ni zawadi nzuri unawapa. Nakwambia tu usije ukawa mteja wa kibanda chako mwenyewe.

Na jihadhari na jambo moja ambalo mimi sikuambiwa. Niliporudi mwaka 2007, watoto wa dada yangu walikuwa wakinisikiliza halafu wanakimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Misemo yangu yote ilikuwa ya mwaka 1998. Nilikuwa nimeitunza vizuri mno, kama nguo ya harusi, nikaivaa sokoni. Kigoma uliyonayo kwenye kadi itasimama hapohapo ilipo. Kigoma yenyewe haitasimama. Reli mpya inajengwa kutoka huku kwetu Tabora kuja kwenu, na treni ya umeme haitalia kama hii tuliyoizoea. Yule kijana anayekusaidia kibandani, au yeyote mwenye subira, mfundishe kutega sikio, umwachie kile kinasa sauti. Akutumie sauti moja kwa mwezi, achague yeye. Utachukia anazochagua. Vizuri.

Huko Bremen nako kuna mambo. Nyumba nyingi za kule madirisha yana vioo viwili viwili; mvua inanyesha unaiona kwa macho, husikii kitu. Mtu aliyetofautisha bati la jikoni na la choo atafanyaje na mvua isiyolia? Mimi ningependa kuisikia klipu hiyo, kama unaweza kuirekodi. Tramu zipo, mto Weser upo, Wajerumani nao wanagombana, ingawa nasikia wanagombana kwa sauti ya chini.

Na Papenburg. Sijui kama baba alikwambia. Liemba iliundwa huko, kwenye karakana ya Meyer, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku takriban 5,000, ikaja Dar kwa meli, ikapakiwa treni, ikapita hapahapa Tabora, ikaunganishwa upya Kigoma. Papenburg si mbali na Bremen, na meli bado zinaundwa pale, kubwa kama mtaa. Siku mume wako akiwa na likizo mwambie akupeleke. Baba yako alikaa ndani ya tumbo la mtoto wa mji ule, na wewe unakwenda kwa mama mtu na kilo 23 za mzigo. Wale waliopaka grisi hawakuibeba meli mgongoni, na mbao na vitanda naona hawakuvihangaikia sana. Walishughulikia kile kinachozungusha vingine.

Sasa kanda. Nimeichelewesha kwa makusudi.

Mtoto wa miaka kumi aliyependa nyimbo hakuua sauti ya mtu. Baba yako mwenyewe aliziba vitundu kwa karatasi akaongea juu ya muziki wa mtu, na mwimbaji yule wa Kongo naye alikuwa na mama. Zama zile kila kanda ilikuwa hivyo, tuliandikiana juu ya migongo. Kosa lako lilikuja baadaye, siku uliyosema "sijaiona" wakati mama anainua magodoro. Hilo ndilo unalolirekodia juu miaka hii yote, klipu baada ya klipu, na halifutiki. Mwambie kabla ya ndege. Usimkalishe sebuleni kama mshenga. Mwambie mkiwa mnakoroga, mwiko ukiwa mkononi mwako, kopo la biskuti likiwa pale kwenye kigoda. Atakasirika. Anaweza asikusemeshe siku mbili. Una mwezi mzima.

Kisha nendeni wote kwa fundi redio wa zamani. Kigoma hamkosi mmoja mwenye redio kaseti inayozunguka. Usikubali aitumbukize kanda yako kwanza. Ajaribishe nyingine ambayo haina thamani, maana mashine zilizolala zina tabia ya kutafuna utepe. Asafishe kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Kanda yenyewe izungushe kwa penseli taratibu mpaka mwisho na kurudi, utepe umeshikana miaka yote hiyo. Na zile karatasi za baba zichomoe leo hii, zihifadhi ukitaka, ili asitokee mwingine mwenye nyimbo zake. Kutoka tundu la spika za masikioni unachomeka waya kwenda kwenye kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure, kazi hiyo unaijua kuliko mimi.

Jambo la mwisho, nalo limeninyima usingizi tangu juzi. Kaseti ina pande mbili. Wewe ulirekodi nusu saa. Baba anakohoa, anasema geuzeni kanda, na usiku ule wa kandili ulikuwa umeshalala. Nimerudi kwenye barua yako mstari kwa mstari nikitafuta mahali ulipoigeuza. Sijapaona.